Minofu ya sangara inanitolea maji kwenye oveni. Baba mkwe anataka samaki aliyepita motoni

Mkwe wa Tabata:

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Naomba msaada wa jikoni, na anayejua naomba anipe vipimo, maana nimeambiwa "kiasi" na "mpaka aive" na watu watatu na bado samaki wangu haliki.

Nianze na mlaji mwenyewe. Baba mkwe wangu ametoka Ukerewe tangu mwezi wa tano, tuko naye hapa Tabata kwa ajili ya kliniki ya presha. Ni mtu wa ziwani. Amevua tangu kijana, na mpaka leo ukimwekea samaki mezani anamgeuza kwanza, anamwangalia, ndipo anaanza kula. Daktari amesema vya kukaanga viishe na chumvi ipungue. Basi nikawa namchemshia: nyanya, kitunguu, ndimu, samaki. Wiki ya kwanza alikula vizuri. Wiki ya tatu akaniita, akasema kwa upole, "Mama, samaki wa maji nimeshamla. Hakuna siku utanipa aliyepita motoni?" Kwao samaki walibanikwa pembeni ya moto mpaka kingo zinakauka na kuungua kidogo. Hicho ndicho anachokitamani. Sisi tumepanga ghorofa ya pili, mwenye nyumba hataki mkaa hata barazani. Lakini tuna jiko la gesi, plate nne juu na oveni chini, tulilinunua mwaka jana kwa familia iliyokuwa inahama. Nikaona hapo ndipo moto wangu ulipo.

Jumapili iliyopita nilinunua pakiti ya minofu ya sangara iliyogandishwa, kilo moja. Nikailoweka kwenye beseni la maji ya bomba mpaka ikaachana. Saa sita mchana nikaikamulia ndimu nne, nikaipaka kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, nikaiweka kwenye friji hadi saa kumi na mbili jioni ili viungo viingie. Kisha nikaipanga kwenye bakuli la kioo lenye kina, nyanya tatu juu yake, hoho, kitunguu maji, nikafunika na foili, nikaiweka ndani dakika 45. Nilipofunua, samaki alikuwa anaelea. Maji yalifika nusu ya bakuli, na juu ya minofu kulikuwa na kitu cheupe kimegandamana kama maziwa yaliyokatika. Nyama yenyewe ngumu, ukitafuna inakuwa kama chaki. Baba alikula vipande viwili, akasema, "Asante mama, nimeshiba," akamalizia ugali kwa mchicha. Mtu wa ziwa kumalizia ugali kwa mchicha na samaki yupo mezani! Iliniuma mpaka nikashindwa kulala.

Jumatano nikarudia bila kufunika, dakika 30, moto mdogo kwa sababu niliogopa kuunguza. Maji yalipungua lakini hayakuisha, samaki akawa mkavu kama pamba, na juu hana rangi yoyote. Mweupe pe.

Sasa nauliza: haya maji yanatoka wapi? Kile cheupe ni dawa wanayoweka samaki au ni nini? Na je, sangara wa kugandishwa anafaa kuokwa kweli, au nitafute samaki mwingine? Jumapili hii shemeji zangu wanakuja, tutakuwa sita mezani, na Baba atakuwa amekaa na watoto wake. Sitaki ashibe kwa mchicha mbele yao.


Fundi Minofu:

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye meza ya kukata minofu, kiwandani Mwanza, kwa hiyo sangara nimemshika kwa mikono yangu kuliko chakula kingine chochote. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeeleza vizuri.

Maji yako yana vyanzo vitatu. Cha kwanza ni barafu. Nyama ya samaki ni maji kwa sehemu kubwa, na inapoganda yale maji yanakuwa vipande vyenye ncha. Ikiganda haraka sana, kama kwenye friza za kiwandani, vipande vinakuwa vidogo na nyama haiumii sana. Ikiyeyuka njiani au dukani umeme ukikatika, kisha ikaganda tena polepole, vipande vinakuwa vikubwa na vinaichana nyama kwa ndani. Ukiiyeyusha, maji hayana tena pa kukaa. Kwa hiyo dukani angalia pakiti: ukiona theluji nyingi ndani yake, au minofu imeshikana kuwa bonge moja lililopinda, iache. Tena kuna koti la barafu ambalo minofu huvishwa makusudi ili isikauke ndani ya friza. Hilo si ulaghai, ni kinga, ila ni maji na unayalipia. Na iko minofu inayolowekwa fosfeti, aina ya chumvi ya kiwandani, ili ishike maji zaidi. Soma maandishi ya pakiti, ikiwemo inapaswa kuandikwa.

Cha pili ni ndimu. Saa sita za ndimu ni nyingi mno. Ndimu inapika samaki bila moto. Kabla hujawasha oveni ile nyama ilikuwa tayari imekaza na kuanza kutoa maji. Ukitaka ndimu, ikamulie akiwa mezani, au dakika kumi kabla ya moto, basi.

Cha tatu ni bakuli lenye kina, nyanya juu, na foili. Hapo dada hukuoka, ulichemsha ndani ya oveni. Mvuke hauna njia ya kutoka, nyanya zinaongeza maji yake, samaki anaiva kwenye mchuzi wake. Na Baba alikwambia wazi kwamba wa maji ameshamla.

Kile cheupe usikiogope. Ni protini ya samaki mwenyewe, mfano wa ute wa yai: ikipata moto inaganda na kuwa nyeupe. Kila samaki anacho. Kinatoka kwa wingi nyama ikipata moto kwa muda mrefu ikajikamua. Kwa hiyo ukikiona kimejaa juu, kinakwambia umechelewa kutoa.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: dakika 45 ni za nyama ya ng'ombe. Ng'ombe anabeba uzito wake kwa miguu, nyama yake imejaa mishipa migumu inayotaka muda ili ilainike. Samaki anabebwa na maji. Nyuzi zake ni fupi, na kinachozishikanisha kinayeyuka kwa joto dogo tu, ndiyo maana anaachana mapande mapande. Hana cha kulainishwa. Ukipita pale anapoiva, kila dakika inayoongezeka inamkamua.

Fanya hivi. Jumamosi usiku toa minofu kwenye friza, iweke kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya friji, ilale humo. Usiiyeyushe juu ya meza, joto la Dar linaiharibu nje wakati katikati bado jiwe. Asubuhi mwaga maji yaliyodondoka, ifute kwa kitambaa safi kikavu, pande zote, kama unavyomfuta mtoto aliyetoka kuoga. Angalia upande uliokuwa na ngozi, utaona mstari wa nyama ya kahawia unaopita katikati. Ukate uutoe. Ile nyama ina mafuta yanayoharibika mapema na ndiko inakokaa shombo ambayo watu wengi wanamlaumu nayo sangara. Kiwandani kwa oda nyingine tulikuwa tunautoa, kwa nyingine tunauacha.

Kata vipande vyenye unene unaolingana. Kipande cha mkia ni chembamba, kikunje chini yake kiwe na unene wa vingine. Chumvi kidogo, dakika kumi na tano, futa tena yale maji. Paka mafuta kidogo kwa brashi, pilipili manga, kitunguu saumu. Panga kwenye trei bapa, vipande visigusane. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200 kabla hujaingiza. Kisha pima unene: kila sentimita mbili na nusu, dakika kumi. Kipande cha sentimita tatu ni dakika kumi na mbili hivi. Toa, acha kitulie dakika tatu.

Jambo moja la pembeni. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na huku upande wetu alijaa miaka ya 1980. Wazee wa visiwani wengi walikutana naye wakiwa tayari wavuvi. Muulize Baba huyo samaki aliyembanika utotoni alikuwa nani. Huenda si sangara kabisa.


Kijana wa Buguruni:

Mimi natofautiana kidogo na mkuu hapo juu kuhusu foili. Sato mzima nikimfunga foili na vitunguu nikamweka kwenye mkaa anatoka mlaini sana, na ule mchuzi wa ndani ndio mtamu. Dada asiitupe foili.


Bibi wa Chumbageni:

Mwanangu wa Tabata, marahaba. Na wewe wa Buguruni, foili yako ni njema kwa anayetaka mchuzi. Mzee hataki mchuzi, anataka moto. Tumpe anachotaka.

Mimi niko Tanga, samaki nanunua Deep Sea asubuhi wanaposhusha, kwa hiyo wa kugandishwa sina uzoefu naye. Nikipata changu au chewa mdogo, wa ratili mbili hivi, namtazama macho yawe yametokeza na maangavu, matamvua yawe mekundu, nikimbonyeza kidole kisiache shimo. Huyo hata ukimwoka kwa chumvi peke yake atakupa chakula. Nyama yake nyeupe, imeshikana, haitoi maji ya ovyo. Kwa hiyo swali lako la mwisho jibu langu ni hili: sangara anafaa, lakini ukiweza kuamka ukafika Feri alfajiri, samaki mbichi atakupunguzia nusu ya tabu.

Sisi kabla ya oveni tulioka kwa kupalia. Sufuria nzito jikoni juu ya makaa machache, mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko makaa mengi. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Samaki anachanjwa mbavuni pande zote mbili, michanjo mitatu mitatu, anasuguliwa kitunguu saumu, pilipili na ukwaju, anapangwa kwenye kigae au sinia dogo humo ndani. Akishabadilika rangi ndipo anapakwa tui zito, anarudishwa, anapakwa tena. Tui lilipakwa mwisho, halikuwekwa mwanzo, kwa sababu hiyo hiyo ya maji anayoisema bwana wa Mwanza. Ukilitia mwanzo, samaki anachemka ndani ya tui.

Nakwambia haya si kwa ajili ya nazi. Mzee mwenye presha nazi iwe kwa kipimo, na yeye ni wa bara, huenda haitaki. Nakwambia kwa ajili ya moto wa juu. Oveni yako ya gesi moto wake uko chini. Angalia kama ina moto wa juu pia, kuna kitasa chake peke yake. Kama upo, dakika mbili za mwisho uwashe huo, ukae hapo hapo na macho yako. Hizo kingo anazozitaka zitatoka hapo.

Na samaki usimwoshe tena baada ya kumfuta. Najua tumezoea kumwaga maji kila hatua, lakini kila ukimwosha unaanza upya.


Mkwe wa Tabata:

Nimewasoma wote mara mbili, asanteni sana, bibi shikamoo tena. Nimeenda kuangalia: moto wa juu upo! Sikuwahi kuuwasha, nilidhani ni taa imeharibika.

Mambo mawili yanayonikwamisha. Kitasa cha oveni yangu hakina namba. Namba zimefutika, imebaki alama ya moto mdogo na alama ya moto mkubwa. Nyuzi 200 nitazijuaje? Na la pili, nitajuaje ameiva bila kumkatakata? Kilichonifanya nimwache dakika 45 ni hofu. Mzee mwenye umri ule nikimlisha samaki mbichi akaugua, nitasema nini mbele ya wanawe?


Jikoni Aberdeen:

Dada, hofu yako naielewa. Mimi napika kwenye nyumba ya wazee huku Scotland, wazee 40 na kitu, na Ijumaa ni siku ya samaki bila kukosa. Huku samaki weupe ndio wa kila siku, haddock na cod, wanatoka Peterhead, mji wa pwani ulio karibu na sisi. Nimezaliwa Tanga (bibi wa Chumbageni nakusalimu kwa heshima), kwa hiyo wiki za kwanza niliwapikia wazee wa watu samaki kwa dakika nilizozoea nyumbani, na sahani zilirudi zimejaa.

Kuiva kwanza. Nyama ya samaki mbichi inapitisha mwanga kidogo, inang'aa kama kioo chenye ukungu. Ikiiva inakuwa nyeupe isiyopitisha mwanga. Chukua kipande kinene kuliko vyote, chomeka uma katikati, uuzungushe kidogo. Nyama ikiachana kwa mapande na katikati hakuna ule ung'aavu, ameiva. Ikigoma kuachana, mrudishe dakika mbili. Ni kipande kimoja tu unachokigusa, na hicho kipande jiwekee wewe. Ukiweza kupata kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, kile chenye sindano, katikati ya samaki isome nyuzi 63. Hiyo ndiyo namba wanayoishauri Marekani kwa samaki wa nyumbani. Jikoni kwetu kazini tunaenda juu zaidi kwa sababu ya kanuni za taasisi, na samaki anakuwa mkavu kidogo kwa hilo, nakiri. Kumbuka pia akitoka kwenye oveni anaendelea kuiva kwa joto lake, kwa hiyo zile dakika tatu za kutulia alizozisema kaka ni sehemu ya mapishi.

Sasa kitasa. Sukari nyeupe ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 186. Hii itakusaidia. Tengeneza kikombe kidogo cha foili, weka kijiko cha chai cha sukari. Washa oveni, kitasa kiwe katikati, subiri dakika kumi na tano ipate moto, ndipo uingize sukari kwenye rafu utakayowekea samaki. Dakika kumi na tano nyingine uangalie. Kama bado ni chembe chembe kavu, uko chini ya 186. Ongeza kidogo, weka sukari mpya, rudia. Pale inapoyeyuka, tia alama kwenye kitasa na kwenye bati la jiko kwa rangi ya kucha. Siku ya samaki zungusha kidogo kupita alama hiyo, utakuwa karibu na 200. Itakula gesi siku moja, lakini alama itakaa miaka.

Rafu iwe ya katikati au moja juu ya katikati, kamwe isiwe ile ya chini kabisa iliyo juu ya moto. Na trei isijaze upana wote wa oveni. Joto linapanda kwa pembeni, ukiziba, chini kutaungua na juu kutabaki kweupe. Pengine ndicho kilichokupata Jumatano pamoja na ule moto mdogo. Moto mdogo unamfanya samaki atoe maji polepole na yasikauke. Moto mkubwa wa muda mfupi unayakausha yanapotoka.

Chumvi: kwa presha ya mzee, nusu kijiko cha chai kwa kilo nzima ya minofu inatosha, halafu ndimu mezani. Ndimu inaufanya ulimi usiulizie chumvi. Wazee wangu wa huku nao wamekatazwa chumvi, na ndimu ndiyo inayoniokoa.


Fundi Minofu:

Hiyo ya sukari nimeipenda, nitaijaribu kwangu.

Kwa watu sita nunua kilo moja na nusu ya kugandishwa, ukitoa barafu na ule mstari wa kahawia utabaki na kilo na robo hivi, kila mtu kipande chake kizuri. Usikijaze trei moja. Ukipanga vimebanana vinachemshana. Bora uoke mara mbili, ni dakika kumi na tano tu.

Nyanya na vitunguu na hoho, kama unavitaka, vioke peke yake kabla, dakika ishirini na tano mpaka vikauke na kingo ziungue, uvitoe, uwaweke samaki. Vyote vikutane kwenye sahani.


Mkwe wa Tabata:

Nimerudi. Leo ni Jumatatu, nimesubiri watu walale ndipo niandike kwa utulivu.

Ijumaa usiku nilifanya sukari. Mara ya kwanza katikati, ikabaki kavu kabisa. Mara ya pili, nikiwa robo tatu ya mzunguko, bado. Mara ya tatu karibu na mwisho, ikawa maji ya dhahabu. Maana yake Jumatano ile nilikuwa nimeoka samaki kwenye joto ambalo sijui hata kama lilifika 150. Alama nimetia kwa rangi nyekundu ya kucha za binti yangu.

Ijumaa hiyo hiyo nilimuuliza Baba. Nilikuwa nachambua mchele, yeye yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikamwambia, "Baba, yule samaki mliyembanika nyumbani alikuwa sangara?" Akacheka sana. Akasema sangara wakati ule hakuwepo, alikuwa furu. Furu wadogo, wanachomekwa kwenye vijiti, vijiti vinachomekwa ardhini kuzunguka moto, watoto wanakaa wanavigeuza. Na siku baba yake akipata ningu, ningu huyo alikuwa wa wageni. Akanieleza jinsi sangara wa kwanza alivyoonekana kwao, watu wakashangaa ukubwa wake na mafuta yake, ukimweka motoni moto unawaka kwa mafuta yanayodondoka. Akasema furu waliisha taratibu, mwaka huu wachache, mwaka unaofuata wachache zaidi, mpaka siku moja unagundua hujawaona kwa muda mrefu. Alisema hivyo akanyamaza, na mimi sikuuliza zaidi.

Kwa hiyo furu sikuwa na pa kumpata. Lakini nilielewa kitu: furu ni mdogo, mwembamba, wa kwenye moto anakauka kingo zote na unamla mkavu huo. Alichokuwa anakikumbuka Baba ni ule ukavu wa pembeni.

Jumamosi niliamka nikaenda Feri, bibi, lakini chewa wa siku hiyo bei yake ilinishinda kwa watu sita. Nikarudi kwa sangara. Nilibadilisha duka. Lile la kwanza friji yake ilikuwa na pakiti zimejaa theluji, sasa ndiyo najua maana yake. Nimepata minofu iliyotengana, kilo moja na nusu. Ikalala kwenye chujio. Asubuhi kwenye bakuli kulikuwa na maji zaidi ya kikombe kizima. Hayo yote wiki iliyopita yalikuwa kwenye sahani ya Baba.

Nilifuta, nikakata ule mstari wa kahawia. Nikaunusa peke yake, kweli shombo yote iko hapo. Chumvi nusu kijiko, dakika kumi na tano, nikafuta tena. Mafuta kijiko kimoja cha mezani kwa brashi, pilipili manga, saumu. Fundi, mikia ulisema niikunje. Nilikuwa na mikia miwili. Mmoja niliukunja, mwingine niliuacha wazi makusudi, umetandazika, mwembamba kama ulivyo.

Vitunguu na nyanya vilitangulia. Kisha samaki, trei ya kwanza dakika kumi na moja, nikawasha moto wa juu dakika mbili nikiwa nimechuchumaa pale pale na taa ya simu. Nilichomeka uma kwenye kipande kinene, kikaachana, cheupe mpaka katikati. Kwenye trei kulikuwa na majimaji ya kijiko kimoja hivi, na kile cheupe nukta nukta tu. Juu kahawia. Ule mkia ulioachwa wazi kingo zake zilikuwa zimekauka na kuungua, zimejikunja.

Tulikula saa mbili usiku, ugali wa dona, mchicha, kachumbari, vipande vya ndimu. Ule mkia nikauweka kwenye sahani ya Baba pamoja na kipande kinene. Akaugeuza. Akautazama chini, akautazama juu. Akavunja ile kingo iliyoungua kwa vidole, akaila peke yake bila ugali, na hakusema neno. Shemeji mkubwa alikuwa anaongea habari za kiwanja, Baba hakumsikiliza. Alipomaliza mkia ndipo akavuta ugali akala kile kipande kinene, na mchicha ukabaki.

Wakati natoa vyombo akaniuliza sangara mmoja ana mikia mingapi. Nikamwambia mmoja, Baba. Akasema, "Basi siku nyingine nunua wawili."

Fundi, nakuuliza: mikia inauzwa peke yake?


Fundi Minofu:

Dada, inauzwa. Uliza minofu ya mkia, na ni ya bei nafuu kwa sababu wengi wanaitaka ile minene. Mpe mzee.